Je, Ndege Aweza Kusingiziwa?

Kijana mmoja wa darasa la Kipaimara alituuliza swali hili usiku, tulipokuwa tumeketi kuuzunguka moto katika kambi ya vijana, na wenzake wote wakacheka. Alisema: "Baba Mchungaji, amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Je, mtu akimshuhudia ndege uongo, amevunja amri?" Sisi nasi tulitabasamu, kisha tabasamu likatutoka, maana tulikumbuka jambo ambalo kwa miaka mingi hatukupenda kulikumbuka. Hatukumjibu usiku ule. Tulimwambia kwamba swali lake ni kubwa kuliko alivyodhani, na ya kuwa tutalijibu kwa maandishi ili na wengine wasome. Basi haya ndiyo majibu, na wasomaji wetu watuwie radhi yakiwa marefu.

Kwanza yafaa tueleze swali lilitoka wapi. Ndugu zetu wa sharika za Kenya waliwaalika vijana wetu kukaa pamoja nao siku sita karibu na Ziwa Naivasha, wakati wa likizo ya Desemba. Tulisafiri kwa basi kutoka Arusha, tukapita Namanga na Nairobi, tukafika usiku: vijana thelathini na wanne, waalimu wawili, na mama mmoja wa kuwaangalia wasichana. Habari za masomo na nyimbo hatutazisimulia hapa. Siku ya nne wenyeji wetu walitupeleka kuona makao ya kuuguzia ndege, yanayoangaliwa na chama kiitwacho Kenya Bird of Prey Trust. Chama hiki kina makao mawili, haya ya Naivasha na mengine ya Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita. Kazi yake ni kuwapokea ndege walao nyama, yaani tai, vipanga, mwewe, tumbusi na bundi, walioumia au waliolishwa sumu, kuwatibu, na wale wawezao kuruka tena kuwarudisha porini.

Mtunzaji aliyetuongoza alikuwa mtu mpole. Alituonya kwanza tusipaze sauti wala tusinyoshe vidole. Ndege waliokuwa wakitibiwa hatukuonyeshwa, kwa maana mgonjwa wa mwituni akimwona mtu hudhani amekuja kumwua, hujipiga kwenye wavu na kuongeza majeraha yake. Tulionyeshwa wale tu ambao hawatarudi porini kamwe. Huyu bawa lake lilivunjwa na waya wa umeme, yule aligongwa na gari usiku, na wa tatu alichukuliwa kiotani angali kinda, akalelewa na watu nyumbani, hata leo hajui kwamba yeye ni ndege. Vijana walicheka kusikia hivyo. Lakini mtunzaji alisema kwamba huyo wa tatu ndiye mwenye hasara kubwa kuliko wote, kwa kuwa mabawa yake ni mazima naye hawezi kuyatumia. Hajui kuwinda, wala wenzake hawamtambui.

Kisha tukafika penye tumbusi, wale tai walao mizoga, na vijana wakakunja pua. Mtunzaji akaeleza jinsi wanavyokufa. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake na simba hutwaa sumu ya wadudu wa shambani, akaitia katika mzoga, ili simba akirudi afe. Huenda simba asirudi, lakini tumbusi watakuja, kumi, ishirini, hamsini, nao watakufa mahali pale pale. (Hatumhukumu mfugaji huyo kwa haraka, ng'ombe yule pengine alikuwa ndiyo ada ya shule ya mtoto, na simba halipi.) Wako na wengine watiao sumu kwa shauri la hila zaidi, nao ni majangili. Tumbusi huzunguka angani panapokuwa na mzoga, na askari wa wanyama wakiwaona hujua ya kuwa chini yao huenda yuko tembo aliyeuawa. Basi majangili huwaua tumbusi ili wasitoe habari. Mwezi wa Juni mwaka 2019, katika nchi ya Botswana, walikutwa tumbusi 537 wamekufa kwa ajili ya mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu. Tulipoyasikia hayo tulisema moyoni: Kumbe yuko ndege auawaye kwa sababu ashuhudia kweli.

Mlango uliofuata ulikuwa wa bundi.

Hapo kundi letu likagawanyika. Wengine waliingia upesi ili waonekane mashujaa. Wasichana watatu walishikana mikono wakaingia wamefumba macho. Na mmoja wa waalimu wetu alituambia kwamba yeye atabaki nje alinde mizigo. Mizigo yote ilikuwa ndani ya basi, na basi lilikuwa limefungwa. Hatumtaji jina, wala hatumcheki. Mwalimu huyu ameongoza ibada kwa miaka kumi na tisa, amezika wafu katika mvua na katika giza, na hatujasikia kwamba alirudi nyuma mbele ya mtu mkali wala mbele ya ugonjwa. Lakini alipouona mlango wa bundi miguu yake ilikataa. Nasi tulijua ya kuwa miguu yetu ingelikataa vile vile kama tusingelikuwa tumevaa kola ya uchungaji mbele ya vijana.

Ndani palikuwa na giza kidogo. Mtunzaji alivaa glavu ya ngozi, akamleta bundi mmoja asiye mkubwa, mwenye uso mweupe ulio na umbo la moyo. Ni yule akaaye katika mapaa ya nyumba na minara ya makanisa, ambaye sauti yake hufanana na nguo inayopasuliwa. Tulionyeshwa bawa lake: unyoya wa ukingoni una meno madogo kama ya kitana, na kwa sababu hiyo upepo haupigi kelele apitapo, ndiyo maana watu husema kwamba hakuja, ametokea tu. Masikio yake hayalingani, moja limewekwa juu kuliko la pili, hata aweza kumpata panya kwa kusikia tu katika giza kuu. Na macho yake hayawezi kuzunguka katika matundu yake kama yetu, basi hugeuza shingo, karibu robo tatu ya duara, kwa mifupa kumi na minne ya shingo, hali sisi tuna saba. Kwetu husemwa ya kuwa bundi hugeuza kichwa hivyo kwa kuwa ana pepo. Kumbe ageuza kichwa kwa kuwa hawezi kugeuza jicho.

Palikuwa na bundi mwingine, wa jamii iliyo kubwa kupita bundi wote wa Afrika, mwenye kope za rangi ya waridi kama mtu aliyelia sana. Msichana mmoja wa wale waliofumba macho aliyafumbua, akasema, "Maskini, huyu ana huzuni." Mtunzaji akamjibu kwamba hana huzuni, ndiyo rangi ya kope zake. Hivyo hata katika huruma mtu aweza kumshuhudia ndege neno lisilo kweli.

Lakini jambo lililowashika vijana zaidi lilikuwa madonge. Bundi humeza panya mzima, na baadaye hutapika manyoya na mifupa, vimefungamana kuwa donge kavu lipatalo ukubwa wa kidole gumba. Mtunzaji aliwapa madonge machache na vijiti, wakayafumua juu ya karatasi. Katika donge moja walihesabu mafuvu manne. Walipoyapanga walinyamaza kimya, kama watu walio barazani ushahidi unapoletwa. Kijana mmoja mtoto wa wakulima aliliinua fuvu, akatazama meno yake, akasema, "Hawa ndio walao mbegu zetu." Kila mkulima wa kwetu amjua panya shamba, afukuaye mahindi yaliyopandwa kabla hayajaota, ambaye jike lake huzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, hata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wamemchunguza miaka mingi kwa ajili ya hasara awatiayo watu. Vijana walimpelekea mwalimu wetu ile karatasi huko nje mlangoni. Aliitazama sana. Akasema, "Basi kumbe ana faida."

Usiku wa siku ile ndipo swali lilipoulizwa.

Kabla ya kulijibu twapenda kuuliza: watu walipataje kusema kwamba bundi huleta mauti? Hatuamini ya kuwa wazee wetu walikuwa wajinga. Walitazama, lakini walikumbuka usiku mmoja wakasahau mia. Bundi hulia mwaka mzima, nasi tumelala. Tukiwa na mgonjwa hatulali. Taa huwaka mpaka alfajiri, wadudu huifuata taa, makombo ya chakula cha wageni hubaki uani na panya huyafuata, na bundi huwafuata wote hao. Basi hutua juu ya paa, hulia, nasi tuko macho kumsikia. Mgonjwa akifa, twasema: Alikuja kumwita. Mgonjwa akipona, ni nani akumbukaye kwamba bundi alilia?

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Wale waliowaletea babu zetu Injili walitoka katika nchi yenye hofu ile ile. Huko Ujerumani yuko bundi mdogo ambaye watu wa zamani walimwita ndege wa maiti, kwa kuwa alifika penye dirisha la mgonjwa lililowaka taa, na katika mlio wake walisikia maneno ya lugha yao, komm mit, yaani, njoo pamoja nami. Ndege hulia tu, na kila kabila humtia maneno kinywani kwa lugha yake. Kama tungekuwa waamuzi barazani tungemwuliza shahidi: Maneno haya aliyasema yeye, au umeyasema wewe?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mtu aweza kutujibu mara moja: Amri yasema jirani, na bundi si jirani. Ndege hasikii masengenyo, haoni aibu, hana jina jema la kupotewa nalo, wala hatazuiwa kazi wala ndoa kwa sababu ya maneno ya watu. Haya yote ni kweli, na kijana wetu asifundishwe kwamba bundi ni jirani kama Mzee fulani alivyo jirani. Lakini katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, imo habari ya Balaamu na punda wake. Punda aliona hatari ambayo bwana wake hakuiona, akageuka. Naye Balaamu alimpiga mara tatu kwa sababu alidhani amekaidi. Punda alipofunguliwa kinywa hakuomba chakula wala pumziko, bali aliuliza kama amewahi kumtenda bwana wake hivyo siku zote alizompanda, na Balaamu akalazimika kukiri kwamba hapana. Kisha malaika alipojionyesha, neno lake la kwanza halikuwa juu ya safari ile mbaya. Alimwuliza kwanza kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Twaona hapa kwamba mnyama aweza kuhukumiwa pasipo haki, na ya kuwa mbinguni hukumu ile ilihesabiwa. Na aliyekuwa kipofu katika kesi ile hakuwa punda.

Dr. Luther naye, mwaka 1534, aliandika barua ya mzaha kana kwamba imeletwa kwake na ndege, kumshtaki mtumishi wake Wolfgang Sieberger, aliyenunua nyavu kuukuu ili awatege. Ndege walalamika kwamba mtu huyu ataka kuwanyang'anya uhuru wa kuruka angani na kuokota nafaka, ambao wamepewa na Mungu. Na kama haachi, basi angalau awamwagie nafaka jioni, wala asiamke asubuhi kabla ya saa mbili. Mzaha ni mzaha, hatutaki kuufanya kuwa fundisho la imani. Ila yapendeza kuona kwamba mwalimu wetu, katikati ya vita vyake vyote, alipata nafasi ya kujiweka mahali pa chiriku na kuuliza jinsi mambo yalivyoonekana kutoka huko.

Tena tukumbuke ya kuwa kazi ya kwanza ya kinywa cha Adamu ilikuwa kuwapa wanyama majina, hata kabla hajapewa mke. Kabla mtu hajawa na jirani wa kumsema vizuri au vibaya, aliletewa wanyama aseme kila mmoja ni nini. Mtu amwitaye bundi mjumbe wa mauti amempa jina ambalo si lake, na kumsema vibaya kiumbe ni kumsema aliyemfanya. Seremala hafurahi ukimwambia kwamba kiti alichokitengeneza kina laana.

Hapa twataka kusimama kidogo kwa ajili ya lile neno la mwalimu wetu, "kumbe ana faida". Siku ile tulifurahi kulisikia, na vijana wengi walirudi nalo kambini: Tusimwue bundi, atulindia mahindi. Lakini usiku tulipolifikiri halikutupendeza tena. Mtunzaji alikuwa ametuambia wazi kwamba yule bundi mkubwa pengine hukamata kuku. Je, akimla kuku wako, ndipo atakuwa mjumbe wa mauti? La, atakuwa mwizi wa kuku, na ashtakiwe kwa kuku. Kila kiumbe ashtakiwe kwa alilolitenda. Mtu amwondoleaye bundi shtaka kwa sababu ya panya wanne, kesho atamrudishia akikosa kuona panya. Wako viumbe wengi, na watu wengi pia, ambao tukifumua madonge yao hatutaona kitu cha kutufaa. Kunguru alihesabiwa kuwa najisi katika Sheria kama bundi, wala hakuna aliyejua faida yake hata siku alipompelekea Eliya mkate; lakini kabla ya siku ile alikuwa kunguru yule yule, na Mungu alimlisha.

Tena iko amri nyingine inayovunjwa hapa, nayo ni ya kwanza. Kama bundi ndiye aitaye watu kufa, basi funguo za mauti ziko juu ya paa letu katika kucha za ndege, wala haziko mkononi mwake Bwana aliyefufuka. Hatusemi kwamba aogopaye ametenda dhambi kwa kuogopa. Hofu humjia mtu kama homa, bila kuitwa. Sisi wenyewe tumekiri habari za miguu yetu. Lakini ushuhuda hutoka kinywani, na kinywa kina mlango.

Sasa twaeleza kwa nini tabasamu lilitutoka pale penye moto.

Zamani, kabla hatujaenda chuo cha theolojia, tulipokuwa tukifanya kazi ya uinjilisti katika mtaa mmoja ambao hatutautaja, mtoto wa nyumba moja ya washarika aliugua homa. Usiku wa pili bundi alitua juu ya paa. Usiku wa tatu akaja tena. Alfajiri mtoto akafa. Tulikuwako, tumekesha pamoja na wazazi wake na kusali. Mchana tulimzika, na usiku, bundi aliporudi, wanaume walitoka na mawe na manati, wakatuambia, "Mwalimu, tushikie taa." Tuliishika. Tulisema moyoni: Ni ndege tu, na watu hawa wana uchungu, acha wautoe. Walimwangusha, wakampiga, wakamchoma moto uani. Mtu mmoja alimlaani kwa maneno marefu, nasi hatukumkanya. Tulirudi nyumbani kulala, na kweli tulilala.

Haukupita mwezi watu wakaanza kuulizana: Bundi yule alitumwa na nani? Kwa maana wakikubali kwamba ni mjumbe, hawana budi kumtafuta aliyemtuma, mjumbe hajitumi. Karibu na nyumba ile alikaa mjane mzee, peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na mwenye shamba dogo la migomba kando ya kijito. Walimtaja. Kwanza kwa kunong'ona kisimani, kisha waziwazi. Usiku mmoja nyumba yake iliteketea. Jirani mmoja alimtoa kwa mlango wa nyuma akiwa na shuka moja, akampeleka kwa binti yake aliyeolewa mbali. Sheria ya uchawi ya tangu mwaka 1928 yakataza hata kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Polisi walikuja wakauliza, na kila mtu akasema alikuwa amelala.

Jumapili iliyofuata tulihubiri kwa ukali juu ya amri ya nane. Tulieleza kama Katekismo Ndogo ifundishavyo, kwamba haitoshi kuacha kumsingizia jirani, bali yatupasa kumtetea na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Watu walisikiliza kwa adabu. Baada ya ibada mzee mmoja alitungoja nje, akasema bila hasira, "Mwalimu, usiku ule wa bundi, taa uliishika wewe."

Hatukuwa na jibu, wala leo hatuna. Watu wale hawakuanza na mjane. Walianza na ndege, kwa sababu ndege ni rahisi. Hana binti wa kumlilia wala polisi wa kumwulizia. Shtaka lilipokwisha kukubaliwa juu ya paa, lilishuka lenyewe likatafuta nyumba ya kuingia. Kama tungelisema neno moja usiku ule, kwamba bundi huyu hakumwua mtoto huyu, labda wangelitukasirikia, labda hata wangelitufukuza penye msiba. Lakini lile swali la pili, nani alimtuma, lisingelipata mahali pa kusimama. Mkatekista asomaye haya, ukiitwa kushika taa, fikiri kwanza taa yako yamulika nini.

Wako washarika waliotuuliza, tuliporudi, kama si aibu kutumia fedha na dawa kwa ajili ya ndege, hali yatima hawana sare za shule. Swali hili ni la haki, na fedha za sanduku la usharika hatutazipeleka Naivasha. Lakini miongoni mwa waliomfukuza mjane yule hatukumwona hata mmoja aliyekuwa ameishiwa na huruma kwa kuwahurumia ndege mno.

Basi, kijana wetu, jibu letu ni ndiyo. Ndege aweza kusingiziwa. Yeye hatajua, lakini wewe utakuwa umesema uongo, na uongo hautabaki kwake.

Tuliporudi kutoka Naivasha tulimtafuta binti wa yule mjane, tukampata kwa msaada wa mchungaji wa huko, tukamwandikia barua ya kuomba radhi. Alijibu. Mama yake alifariki mwaka 2011. Alikuwa akihudhuria kanisani huko alikohamia, akiketi benchi la mwisho karibu na mlango, wala hakupenda kuulizwa habari za kwao. Binti alitushukuru kwa salamu. Kisha akauliza neno moja tu: "Shamba la mama kando ya kijito, ni nani alilimaye sasa?"

Twamjua alilimaye. Ni mmoja wa waliotupa mawe usiku ule, naye hushiriki meza ya Bwana. Usharika ule si wetu, lakini mchungaji wake ametupa ruhusa. Mara ya kwanza tulikwenda peke yetu, kama Bwana alivyoagiza. Akatukaribisha chai, akatuambia kwamba mambo ya zamani yasifukuliwe. Mara ya pili tutakwenda na wazee wawili wa kanisa.